Krosova, Kupe, na Mahali pa Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaoshona viti vya magari siku hizi mnapokea gari kwa simu. Mwenye gari anatuma picha, mnamtajia bei, kava inakuja ndani ya katoni ikiwa imeshonwa tayari huko ilikotoka, na kazi yenu inabaki kuvuta na kufunga. Siwalaumu. Mgongo wangu ungekuwa mzima leo kama kava zetu zingekuja kwa katoni. Lakini nikipita hapo yadi nikienda sokoni, nawaona mmesimama nje ya gari, mmeinama mlangoni, mnatazama kiti cha dereva, mnaambiana "tumeshika hiyo". Hakuna hata mmoja wenu anayeingia akae nyuma.

Hilo ndilo nataka kuwaambia, na nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, mnisamehe. Mtu akikaa peke yake sana, siku akipata wa kumsikiliza huanzia mbali.

Jina langu ni Rodah Nasimiyu, ingawa wengi wenu mnanijua kama Mama Nekesa. Nilishona viti vya magari hapa Nakuru miaka thelathini na minane. Aliyenifundisha anaitwa Fundi Okello, mtu mfupi, mwenye vidole vinene hata ukashangaa sindano inamtii vipi. Okello hakuniruhusu kushika mkasi kabla sijaingia kiti cha nyuma cha gari iliyoletwa.

"Mbele baadaye, Nasimiyu," alikuwa ananiambia. "Mwenye gari hajawahi kukaa nyuma ya gari yake. Hajui kuna nini huko."

Nikishaingia, anasimama dirishani ananiuliza kama mwalimu wa hesabu.

"Goti?"

Naweka ngumi kati ya goti langu na kiti cha mbele. "Ngumi moja na vidole viwili."

"Kichwa?"

Nasimamisha kiganja juu ya kitambaa cha kichwa mpaka paa. "Kiganja kinapita."

"Bega?"

"Niko peke yangu, nitajuaje bega?"

"Njuguna! Cherono! Ingieni mkae na huyu."

Basi tunabanana watatu nyuma, tunacheka, na Okello anatutazama bila kucheka hata kidogo, anaandika kwa chaki kwenye kipande cha mbao. Gari ambayo ngumi haikuingia mbele ya goti, alikuwa anasema, "Hicho kiti tushonee mbuzi." Lakini alikishona vizuri vilevile.

Tulikuwa watano kwenye yadi hiyo. Okello mwenyewe, Njuguna wa kubomoa viti na kutoa pete za waya, Cherono wa kukata ngozi, mwanamke aliyeweza kukata mlango mzima bila kupima mara mbili, Mutiso wa sponji, na mimi wa mashini. Okello alizikwa kwao. Njuguna aliondoka na ugonjwa wa sukari. Cherono alifuata watoto wake Eldoret, akafa huko, nikasikia baada ya miezi miwili. Mutiso yuko hai Machakos lakini haoni tena, na nikimpigia simu anauliza mara tatu ni nani. Wanyonyi, mume wangu, naye alienda miaka sita iliyopita. Mimi nakumbuka majina yote, hata ya wateja, hata ya watoto wa wateja. Sasa sina wa kumwambia "unamkumbuka fulani?" naye akajibu ndiyo. Na ugali wa mtu mmoja sijajifunza kupika mpaka leo. Unabaki kila siku, asubuhi naula na chai.

Turudi kwa viti.

Msidhani sikukosea. Kulikuwa na mteja mmoja, Mwalimu Cheruiyot, mrefu kama mlingoti wa bendera. Alileta gari ndogo akasema kiti kinamuumiza makalio. Okello hakuwako siku hiyo. Nikamwekea sponji nzuri, nene, inchi tatu juu ya ile ya zamani, nikaishona kwa upendo. Alipokaa alisema, "Aa, hii sasa ni kitanda." Akaondoka. Jioni akarudi shingo imelala upande mmoja kama kuku aliyenyeshewa. Kichwa chake kilikuwa kimegusa paa njia yote mpaka Njoro na kurudi.

"Mama," akaniambia, "umenipa makalio ukaninyang'anya kichwa."

Hapo ndipo nilijua kwamba ndani ya gari hakuna nafasi ya bure. Kila raha unayomwekea mtu huku unaitoa kwake kule, ama unaitoa kwa mwenzake aliyekaa nyuma. Ukiongeza unene wa mgongo wa kiti cha dereva, umekula goti la aliye nyuma. Ukishusha kiti ili kichwa kipate hewa, miguu inataka kwenda mbele zaidi. Vijana, shikeni hilo hata mkisahau mengine yote.

Jambo lingine dogo. Kitambaa chenye manyoya kina upande wa kulala. Pitisha kiganja, utasikia. Manyoya yalale kuelekea mgongo wa kiti, sio kuelekea magoti. Mimi nilishonea teksi moja kinyume, na abiria wakawa wanateleza mpaka sakafuni kila breki ikikanyagwa. Mwenye teksi alikuwa Gitau. Alikuja yadi akanishika mkono, akanikalisha nyuma, akaendesha mpaka Lanet akikanyaga breki kila mahali. Niliporudi nilifumua kiti chote.

Sasa nije kwa yale magari mawili.

Binti yangu Nekesa ndiye mtoto wangu pekee. Ameolewa na Wafula, wanakaa Molo, Wafula ananunua viazi kwa wakulima na kuvisafirisha. Wana msichana mmoja, Naliaka, wa miaka saba. Tangu Wanyonyi afe walikuwa wanakuja kunichukua Jumapili moja kila mwezi. Tunakula kwao mchana, tunaota moto kwa sababu Molo ni baridi kama ndani ya friji, jioni wananirudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu. Siku zingine zote za mwezi zilikuwa za kuingojea.

Lazima niwaeleze desturi, maana wengine wenu si wa kwetu. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni wakiongea. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu. Wengi wameiacha, na pasta wetu ameshasema kuiacha si dhambi. Mimi na Wafula hatujaiacha. Nadhani kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Miaka kumi na moja maneno yetu yote yamepita kwa Nekesa, hata tukiwa kwenye boma moja.

"Nekesa, mwambie mama chai inapoa."

"Mwambie Baba Naliaka nimesikia."

Naye Nekesa katikati, amechoka: "Mmesikiana, ama nirudie?"

Ile gari yao ya kwanza ilikuwa na nafasi. Nilikuwa nakaa nyuma ya Nekesa, upande wa kushoto, mbali kabisa na dereva, na Wafula alikuwa anageuza kile kioo cha ndani kitazame paa ili asinione. Mnaweza kucheka. Tulikuwa tunafika salama.

Gari hiyo ilipozeeka, wakaja na mbili za kuchagua. Zilitoka kwa muuzaji wa hapa mjini, na kijana wake wa mauzo, Kevo, alikuja akiendesha ya pili. Walizileta mpaka mlangoni kwangu Kaptembwa siku ya Jumamosi, kwa sababu mama ni fundi, lazima aseme neno.

"Niaje mathe!" Kevo akasema. "Ama nikuite shosho?"

"Niite unavyotaka. Fungua milango yote."

Ya kwanza ilikuwa krosova, ile ndogo, umbo lake kama gari ya kawaida iliyosimama kwa vidole ichungulie ukuta wa jirani. Ya pili ilikuwa ya milango miwili, imelala chini, vijana mnaiita kupe. Mimi kupe ninayemjua ni wa ng'ombe, kwa hivyo nitaiita gari ya milango miwili.

Nilianza na krosova. Kiti chake kiko kimo cha nyonga. Nikageuka, nikakaa, nikavuta miguu ndani, basi. Hakuna kupanda, hakuna kuanguka. Nyuma, ngumi mbili mbele ya goti. Kiganja kilisimama wima juu ya kichwa na bado paa liko mbali. Sakafu karibu iwe sawa, kwa hivyo hata aliyekaa katikati hakunji miguu kama panzi. Dirisha ni kubwa. Niliona nguo zangu kwenye kamba na kuku wa jirani yangu Mama Akinyi. Viti vya nyuma ukivilaza, magunia mawili yanaingia. Lakini viti vyenyewe, jamani! Nilibonyeza kwa ngumi nikagusa chuma. Sponji nyembamba, mgongo umesimama wima kama benchi la kanisa, hakuna kitu cha kushika mbavu gari ikikata kona. Na gari iliyoinuka namna hiyo inayumba kwenye kona.

Nikaenda kwa ile nyingine. Mlango wake ni mrefu kama kitanda. Kuufungua wote unahitaji uwanja wa jirani. Kukaa, unajiachilia unaanguka kama kiazi kwenye sufuria. Lakini ukishafika chini! Kile kiti kilinishika mbavu zote mbili kama mtu anayenipenda. Paja limebebwa mpaka karibu na goti. Miguu inanyooka mbele kama umelala. Sponji ni ya tabaka mbili, ngumu chini, laini juu, na mshono umepita mara mbili bila kupinda hata nywele moja. Nilipitisha kidole kwenye mshono huo nikatamani kumjua aliyeushona. Kevo alifunga mlango na kelele zote za Kaptembwa zikanyamaza.

Nyuma sikuingia. Ili ufike huko, kiti cha mbele kinakunjwa, unapita kwenye mwanya ambao paka angefikiria mara mbili. Niliingiza mkono na tepu tu. Kuna viti viwili vidogo vilivyochimbwa kama mabakuli. Paa linateremka mpaka linakutana na kioo cha nyuma. Ngumi mbele ya goti haiingii. Mtoto wa miaka saba atakaa. Mtu mzima atasafiri sikio likiwa begani.

Kwa hivyo nilijua. Nataka muelewe hivyo, kwamba nilijua vizuri sana. Dereva mmoja, mke mmoja, mtoto mmoja: gari hiyo iliwatosha wao kabisa, na ilikwisha hapo. Ikinunuliwa hiyo, Jumapili yangu imekwenda.

Wafula alikuwa amesimama karibu na geti, ametupa mgongo, anatazama mti wa parachichi wa Mama Akinyi. Mgongo wake ni mbovu, alibeba magunia akiwa kijana. Nekesa akaniuliza:

"Mama, Baba Naliaka anauliza. Kwa mtu wa mgongo kama wake, kiti kipi?"

Mngesema nini nyinyi? Mimi ningesema: nunueni hii iliyoinuka, niwekeeni hivyo viti vyake wiki moja hapa nyumbani, mashini yangu bado ninayo, nitavishona upya viwe bora kuliko vya hiyo nyingine. Maneno hayo yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini mama mkwe kumchagulia mkwe gari ili yeye apate mahali pa kukaa, kwetu hiyo ni kuomba. Na mimi sijawahi kuomba kitu mkononi mwa Wafula.

Pia kulikuwa na kiburi, niseme ukweli. Niliulizwa kuhusu kiti. Fundi akiulizwa kiti anajibu kiti.

"Kama ni kiti, ni cha hii ya milango miwili," nikasema. "Hicho ndicho kiti. Hiyo nyingine ina benchi."

"Na nyuma je?"

"Nyuma anatosha Naliaka."

"Na wewe, Mama?"

Nikaona mabega ya Wafula yametulia, kama mtu anayesikiliza kwa mgongo.

"Mimi ni mtu wa nyumbani siku hizi," nikasema. "Msinunue gari kwa sababu ya magoti ya mzee."

Nilingoja mtu anikatalie. Nekesa alitazama chini. Wafula hakugeuka. Kevo ndiye aliyesema, "Basi, mathe ameamua! Mambo kwisha." Nikawapikia chai, wakanywa, wakaenda na gari zote mbili, na kwa mara ya kwanza nikaosha vikombe nikitumaini kwamba neno langu halitafuatwa.

Lilifuatwa.

Jumapili ya kwanza walikuja wote watatu. Nekesa akakunja kiti cha mbele, Naliaka tayari yuko ndani, ananivuta mkono mimi nyanya yake: "Kukhu, kunja kichwa! Kunja tena!" Nekesa ananisukuma kutoka nyuma. Wafula amevuka barabara kabisa, ametazama ukuta, kama inavyopasa. Goti la kulia lilipita, la kushoto likakataa. Nilibaki hapo nusu ndani nusu nje, kama gunia lililokwama kwenye mlango wa stoo, na Mama Akinyi ametoka kwake anashangilia: "Sukuma! Ataingia!" Tulicheka wote mpaka machozi. Baadaye nikatoka kinyumenyume, nikasema, "Nendeni tu. Siku nyingine."

Mama Akinyi akauliza mbona nisikae mbele, Nekesa aende nyuma na mtoto. Si angeniambia tu nimshike Wafula mkono. Kwenye gari hiyo viti vya mbele vimekaribiana hivi kwamba kiwiko cha dereva kinapumzika kwenye kiwiko cha mwenzake. Nekesa mwenyewe haendeshi. Na kwenda Molo kwa gari ya abiria, nishuke stendi nitembee mpaka kwa mkwe kama niliyejialika, hapana.

Hawakwenda, walikula kwangu siku hiyo. Mwezi uliofuata walikuwa na kazi. Uliofuata, Naliaka alikuwa na homa. Baada ya hapo tukabaki na simu. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakaa na viatu vya kutoka hadi saa nane, halafu navivua. Hakuna aliyenikosea. Hapo ndipo kulikuwa na uchungu: nilitafuta wa kumlaumu nikakosa, kila upande nikigeuka nakutana na neno langu mwenyewe.

Mwezi wa tano, Naliaka akanipigia kwa simu ya mama yake. "Kukhu, mama analala tu. Daktari amesema asiamke mpaka mtoto azaliwe." Hata hawakuwa wameniambia kuna mtoto anakuja. Walikuwa wanataka kuniambia ana kwa ana, Jumapili.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, nikasikia ule mlango mrefu ukifungwa nje. Wafula alikuwa peke yake. Alisimama getini, akageukia parachichi, akaliambia:

"Nekesa anamuita mama yake."

Hakukuwa na mtu wa kupitisha jibu. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Niliitazama gari. Kiti cha nyuma nilishakijua. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, na kando yake kiti cha dereva, na kati yao kisanduku kidogo cha kuwekea mkono, upana wa tofali.

Mtasema ningeita teksi. Lakini mtu ametumwa na mkewe amlete mama yake, arudi na gari tupu, teksi ikimfuata nyuma? Molo yote ingeuliza nimefanyiwa nini.

Nikaliambia parachichi, "Mtu angoje saa moja."

Nikatoa tepu. Nikaingia kwenye gari akiwa mbali, nikapima kile kisanduku: urefu, upana, na kutoka hapo mpaka kimo cha bega langu. Nikapima gia iko wapi nisimzuie mkono. Chini ya kitanda nilikuwa na sponji ngumu ya mwisho ambayo Mutiso alinikatia kabla macho hayajamwacha. Nikaikata kwa kisu cha mkate, nyembamba mbele karibu na gia, pana nyuma begani. Nikaivalisha reksini nyeusi, ile ngozi bandia, nikashona mishono miwili, na chini nikaweka mikanda miwili ya kufungia kisandukuni isianguke kwenye kona. Wafula alikuwa nje, nasikia viatu vyake vikienda na kurudi. Nilimaliza kabla ya saa kwisha. Sijawahi kushona kitu haraka hivyo, na sijawahi kushona kitu kilichokaa sawa hivyo mara ya kwanza.

Niliufunga ule mto kati ya viti viwili. Nikajiachilia kwenye kiti changu, nikaanguka, kikanishika mbavu. Nikatazama mbele. Nikasikia mlango wa pili ukifunguka, gari ikainama upande wake, na kati yetu kukawa na ukuta mpaka begani. Sikuona hata kidole chake.

Nekesa alijifungua salama, niwatoe wasiwasi mapema, na nilikaa huko wiki sita kwenye nyumba ya jikoni nikimuogesha mtoto. Sasa nimerudi kwangu na huku ni kimya vilevile. Lakini nilitaka mjue kilichosemwa njiani.

Mpaka Ngata hatukusema kitu. Mpaka Salgaa pia. Kila mtu anatazama barabara. Nikaanza kuona kwamba hiyo gari, kwa mabaya yake yote, ina jambo moja: waliokaa mbele hawawezi kutazamana. Wote mnatazama mahali pamoja. Hata desturi haina neno hapo. Tulipoanza kupanda Sachangwan nyuma ya lori la mbao, yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, unaumia?"

Miaka kumi na moja. Nilidhani ameongea na simu.

"Siumii. Kiti ni kizuri."

"Ulisema."

Lori likatoa moshi. Akangoja, akalipita, akarudi kwenye laini.

"Baba Naliaka," nikaliambia dirisha la mbele.

"Mama."

"Siku ya yale magari mawili. Mimi nilitaka mchukue ile nyingine."

Nikasikia gia ikibadilishwa.

"Ile ya benchi," nikasema. "Niliona haya. Ningeonekana naomba kiti."

Tukapita kona moja, na ya pili. Nikadhani nimeharibu, nimevunja kitu ambacho hakishoneki.

"Mama," akasema, polepole. "Mimi nilikuwa nimeichagua ile ya benchi hata kabla ya kuja kwako. Nekesa pia. Kevo alikuwa anajua."

"Sasa mlikuja kuniuliza nini?"

"Tulitaka uichague wewe. Iwe neno lako. Halafu ukasimama pale ukasema hicho ndicho kiti. Fundi wa miaka yote hiyo, tena mama mkwe. Mimi ningekataa nikitazama wapi?"

"Parachichi," nikasema.

Sikukusudia. Lilitoka tu.

"Na mgongo wako je?" nikamuuliza.

"Ni ule ule, Mama. Kuingia ni sawa. Kutoka, natolewa kama ndama."

Sikumwona akicheka, kwa sababu ya ukuta nilioushona mwenyewe. Nilihisi tu ule mto ukianza kutetemeka begani mwangu, kidogo kidogo, halafu sana, mpaka mikanda ikalia. Nikajishika mdomo kwa leso. Haikusaidia. Tukaingia njia ya Molo mto ukitikiswa pande zote mbili.